Ndoo Mbili za Maji

Kazi ya Skolastika Nandonde ilikuwa kusikiliza mbu. Ukiisema hivyo watu hucheka, na yeye mwenyewe alizoea kuisema hivyo ili wacheke, maana akianza kuieleza sawasawa hakuna anayebaki na hamu ya kicheko.

Karibu kila nyumba ya uwanda wa juu wa Makonde ilikuwa na sikio juu ya mlango: kidude cheusi, ukubwa wake kama kifuniko cha sufuria ndogo, chenye taa moja ya kijani. Mbu akipita, sikio lilinasa mlio wa mabawa yake. Mbu mzima ana mlio wake, na mbu aliyebeba virusi vya Mkunjo ana wake, chini kidogo, kama mtu anayeimba amechoka. Mashine iliweza kuitofautisha milio hiyo, ila mvua ikipiga bati ilichanganyikiwa. Ndiyo maana kila mlio wa hatari ulipelekwa kwanza kituoni, kwa msikilizaji mwenye masikio ya kuzaliwa nayo, aamue na kubonyeza: mbu, au mvua.

Skola alikuwa hodari. Kwa miaka sita hakuwahi kukosea. Alivaa visikilizio tangu asubuhi mpaka alasiri, kwa sababu mbu wa Mkunjo huuma mchana kweupe, mtu akiwa jikoni au akisuka ukili barazani, saa ambazo chandarua kimekunjwa na hakimsaidii yeyote. Ukutani mbele yake mtu wa zamani alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: MFICHA MARADHI, KIFO HUMUUMBUA. Alikuwa ameyasoma maneno hayo mara nyingi hata akawa hayaoni tena.

Tarehe kumi na nne Novemba, saa nne asubuhi, mlio ukaingia. Nyumba namba 212. Aliusikiliza mara moja, akaurudia, akaurudia tena. Hakuhitaji kutazama jina la mwenye nyumba. Ndimo alimozaliwa.

Alijua kitakachofuata akibonyeza "mbu". Kabla ya saa sita kikosi cha kituo kingekuwa uani kwa mama yake na nyundo. Vyombo vyote vya maji vya nyumba yenye chanzo cha mbu hao huvunjwa mbele ya majirani, mlango hupakwa mstari wa chokaa, na chokaa haifutwi mpaka siku arobaini ziishe. Sheria kali, ndiyo, lakini ilitungwa na watu waliokuwa wamechoka kuzika. Kizazi kilichopita Mkunjo ulikuwa ugonjwa wa kukunja viungo tu. Ulimtesa mtu na kumwacha hai. Kisha virusi vikabadilika, vikaanza kuchukua watoto. Chanjo ilikuwa ya wahudumu peke yao. Ya watoto ilisemekana iko njiani, na ilikuwa njiani mwaka wa tatu sasa.

Akilini Skola akauona mtungi. Mtungi wa udongo unaomfika mtu kiunoni, uliofinyangwa na bibi yake mzaa mama, mweusi kwa moshi wa kuchomwa, umekaa pembeni mwa baraza tangu yeye hajajua kutembea. Akaiona nyundo. Akawaona majirani wamejipanga, na mama yake amesimama katikati yao, mikono imelegea.

Nje jua lilikuwa linawaka mpaka mabati yanalia. Skola akabonyeza "mvua".

Damu nzito kuliko maji, ndivyo watu husema. Alijiambia atakwenda mwenyewe leo hii hii, na kila ambacho kikosi kingefanya atakifanya yeye, isipokuwa nyundo na aibu.

*

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wamekufukuza kazi leo? Saa saba mchana, huyu hapa!"

"Nimekuja kukagua maji. Ni agizo la nyumba zote."

Hilo la agizo alilitunga njiani. Hakutaka kumwambia kwamba sikio limelia. Bi Paulina alikuwa na miaka sabini na miwili, na presha, na vidole ambavyo Mkunjo wa zamani ulivikunja na kuviacha hivyo hivyo. Ugonjwa ule ulimwachia kinga pia. Mbu wa sasa angemuuma na asimfanye kitu. Basi kumtisha kwa faida gani? Ndivyo Skola alivyopiga hesabu zake.

Alichota maji yote ya mtungi, akayachuja kwa kanga kuukuu na kuyamimina kwenye pipa lenye mfuniko. Kumwaga hakuthubutu hata kukutaja. Bi Paulina alikua enzi ambazo maji yalikuwa chini ya genge, kule bondeni. Unatoka jogoo wa kwanza, unashuka, unasubiri kisima kijae kikombe kwa kikombe, unarudi jua la utosi na ndoo moja kichwani. Bomba lilipofika lilitoa maji mara mbili kwa wiki, na katika nyumba ile maji ya kunawa uso yaliendelea kuoshea miguu, ya miguu yakaenda kwenye mche wa mpapai. Mtu aliyelelewa hivyo humwambii mwaga.

Kwenye kanga viluwiluwi walibaki wakijinyonganyonga. Skola aliitupa kanga yote motoni.

"Sasa nisikilize, mama. Kuondoa maji hakutoshi. Mbu huyu mayai yake hayaweki majini, anayabandika ukutani, hapa, juu kidogo ya maji yalipoishia. Meusi, madogo kama vumbi la pilipili manga. Yakikauka hayafi. Yanakaa miezi yanasubiri, na siku maji yakiyagusa yanaanguliwa. Na kama mama yao alikuwa na ugonjwa, wanatoka nao."

"Wanazaliwa wagonjwa?"

"Hawaugui wao. Wanazaliwa wameubeba."

Bi Paulina aliguna. "Mola naye!"

"Kwa hiyo uusugue ndani kwa mchanga na brashi, mpaka mdomoni. Halafu usuuze kwa maji yaliyochemka, ndoo mbili."

"Ndoo mbili."

"Mbili, mama. Usipunguze."

"Ndoo mbili za kuoshea mtungi mtupu." Alicheka. "Haya, mkubwa wa kazi. Nitasugua. Kwani mimi mtoto?"

Skola alitaka kuusugua mwenyewe. Tayari alishakunja mikono ya shati. Lakini simu iliita kutoka kituoni, mapumziko yake yalikuwa yamekwisha, na kiti cha msikilizaji hakiruhusiwi kukaa kitupu. Akambusu mama yake shavuni akaondoka mbio.

*

Wiki moja baadaye Bi Paulina alimpigia simu. Yasinta, mdogo wake Skola, alikuwa amehamia nyumba yake mpya upande wa mashariki, huko ambako masikio yalikuwa bado hayajafungwa. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kusubiri. Na katika ukoo wao mtungi ule haukuuzwa wala kuachwa urithi. Mama huutoa kwa mkono wake, akiwa hai, kwa binti wa mwisho siku atakapopata paa lake.

"Nimempa mdogo wako mtungi," alisema. "Vijana wameubeba kwa mkokoteni, hauna hata ufa."

"Uliusugua, mama?"

"Unang'aa."

Skola akafurahi. Alilala vizuri siku hiyo, na baadaye ni usingizi ule hasa alioshindwa kujisamehe.

Mvua za Desemba zikaja na fujo zao. Yasinta aliuweka mtungi chini ya mchirizi wa paa, ukajaa kwa siku mbili. Aliyeufurahia kuliko wote ni bintiye wa miaka sita, aliyepewa jina la bibi yake. Paulina na Paulina; waliitana somo. "Somo wangu, umekula?" "Nimekula, somo. Na wewe?" Hivyo hivyo mchana kutwa, kama wazee wawili sokoni. Mtoto aligundua kwamba ukiingiza kichwa kwenye mdomo wa mtungi na kuimba, mtungi unakuitikia kwa sauti nzito ya mtu mzima. Akawa anasimama juu ya kigoda kila asubuhi, kichwa ndani, anaimba.

Siku ya kumi na tisa ya mwezi Yasinta akapiga simu, na Skola hakumtambua sauti.

"Dada, mtoto amejikunja."

Alikwenda moja kwa moja. Barazani akapita kando ya mtungi, akasimama, akarudi nyuma hatua moja. Akachungulia. Viluwiluwi walipanda kuvuta hewa wakashuka, wakapanda tena, mamia yao. Aliugusa ukuta wa ndani kwa kidole, juu ya maji, mahali ambapo mchanga na brashi vilipaswa kupita. Kidole kilitoka na vumbi jeusi, lile lililobaki halijaanguliwa bado.

Akaufunga mtungi kwa turubai na kamba, akaingia ndani.

Mkunjo wa watoto una ratiba, na ni kazi ya Skola kuijua ratiba hiyo kwa moyo. Siku ya kwanza vifundo vya mikono. Ya pili magoti. Ya tatu mgongo, na mtoto anakaa kama herufi iliyoandikwa vibaya. Ya nne homa inashuka. Kwenye siku ya nne wazazi hushukuru, majirani huleta uji, na wahudumu hutoka nje wasionekane nyuso zao. Dawa ya virusi hivyo haikuwapo. Hospitalini walikompeleka mtoto kulikuwa na maji ya mshipani, panadol, na kukaa karibu.

Siku ya nne Paulina mdogo aliomba chungwa. Yasinta alitoka mbio kulitafuta, anacheka na kulia kwa pamoja. Wakabaki wawili wodini.

"Mama mkubwa."

"Naam, mama."

"Eti wewe unasikia mbu?"

"Nawasikia."

"Hata wakiwa mbali?"

"Hata wakiwa mbali."

Mtoto akafikiri. "Sasa wa kwangu mbona hukumsikia?"

Skola alifungua mdomo. Kilichotoka ni kwamba nyumba yao haikuwa na sikio bado. Yalikuwa maneno ya kweli tupu, na hakuwahi kusema uongo mkubwa kama ule.

Siku ya sita, saa tano asubuhi, mtoto akafa, chungwa limebaki nusu juu ya kikabati.

*

Siku ya pili baada ya mazishi, jioni, Mzee Hokororo, mkuu wa kituo, alimkuta Skola amekaa kitini pake ingawa alikuwa na ruhusa ya msiba. Mashine zilikuwa zimezimwa. Mzee akavuta kiti.

"Pole, binti."

"Nimeshapoa, mzee."

"Kikosi kimeleta taarifa. Chanzo ni nyumba ya mdogo wako. Viluwiluwi kwenye mtungi, wana virusi. Kesho wanakwenda na chokaa." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nilikuwa sina usingizi nikapitia rekodi za nyuma. Tarehe kumi na nne Novemba, 212. Umeandika mvua."

"Ndiyo."

"Siku hiyo nilianika makopa. Mihogo yangu ilikauka kabisa, sikuigeuza hata mara moja. Nakumbuka kwa sababu mke wangu alisema jua hili litatuua."

Skola akavisogeza visikilizio kando.

"Sijaandika popote," alisema Hokororo. "Nimekuja kukuuliza. Niandike mimi, au utasema mwenyewe?"

"Nikisema, mama atajua mtungi ulitoka kwake na ugonjwa. Ni somo wake, mzee. Ni jina lake walilozika. Mama hataweza."

"Na usiposema?"

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Tangu siku ya kwanza ya matanga Yasinta alimwambia kila aliyeingia kutoa pole, hata watoto, maneno yale yale: "Ni mimi. Sikuufunika. Niliambiwa nifunike vyombo nikasahau." Kesho mlango wake ungepakwa chokaa, na wote wangeyaamini, na yeye angeyaamini mpaka kufa kwake. Mmoja lazima aubebe mzigo huu: mama aliyezeeka au mdogo mtu aliyefiwa. Skola aliyetaka kuwaepusha wote na nyundo alikuwa amewaletea jembe la kaburi, na sasa alitakiwa kuchagua ni nani amwumize zaidi. Alilia pale kitini kama mtoto mdogo, na Mzee Hokororo hakumnyamazisha.

"Tunavunja kwa sababu hii," alisema mzee, taratibu, kama anayejisemea. "Si kwa ukatili. Watu wetu hawawezi kumwaga maji. Tulijaribu kuwafundisha kusugua miaka minne. Nyundo haioni uchungu wa maji."

*

Asubuhi Bi Paulina na Yasinta walikuwa wamekaa mkekani, barazani kwa Yasinta. Uani majiko matatu yalikuwa yanachemsha maji ya kupikia waombolezaji. Juu ya mlango palikuwa na sikio jipya, lililofungwa siku moja baada ya mazishi. Mtungi ulikuwa pembeni, mtupu. Kikosi kilishayatoa maji na kuyatia dawa, kikauacha usubiri nyundo.

Skola alipiga magoti mbele yao na kusema yote. Hakupunguza. Mlio, kitufe, jua lililokuwa linawaka, agizo la uongo. Alipomaliza alibaki ameangalia mkeka.

Bi Paulina alikuwa wa kwanza kusema. "Hukuniambia kama limelia."

"Sikukwambia, mama. Niliogopa utaogopa."

"Ungeniambia, Skola." Sauti ilikuwa ndogo. "Ungeniambia kuna ugonjwa ndani ya nyumba yangu, ningeusugua kwa pipa zima. Ulisema agizo. Maagizo yapo kila siku." Akavitazama vidole vyake. "Niliufuta kwa kitambaa kikavu. Nikapaka mafuta kidogo nje, ung'ae. Maji nilikuwa nimeshachemsha, ndoo zote mbili, usidhani sikuchemsha. Ndipo somo wangu akaja kunitembelea, ana vumbi hilo! Nikayaona maji yale ya moto. Nikasema, mtungi mtupu na mtoto, kipi kioshwe? Nikamwogeshea."



Skola alingoja Yasinta apige kelele, au ampige. Yasinta alimtazama dada yake muda mrefu, kwa macho makavu.

"Wewe ulisikia," alisema.

Akasogeza mkeka wake, akampa mgongo.

Mzee Hokororo aliingia uani na vijana wawili, nyundo na kopo la chokaa. Skola akasimama. "Andika 212, mzee," alisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Chanzo ni 212. Hapa msipake kitu. Na jina la aliyeficha uandike langu."

Hokororo akaandika. Kijana mmoja alipouendea mtungi, Bi Paulina akainuka. "Ngoja, baba," alisema. "Ngoja kwanza."

Alikwenda kwenye majiko ya uani, akachota ndoo ya maji yaliyokuwa yakichemka, akaivuta mpaka barazani huku maji yakimruka miguuni. Akachukua mchanga wa uani kwa viganja na brashi ya kufulia. Akainama mtungini, akaanza kusugua. Akamwaga. Akaenda kuchota ya pili, akasugua tena, akamwaga. Maji yalitiririka barazani, yakashuka ngazi, yakaingia barabarani mbele ya watu ambao hawakuwahi kumwona yule mama akipoteza hata kikombe. Alipofuata ya tatu wanawake wakaanza kunong'ona, yale ni maji ya msiba, bomba halitoki mpaka Alhamisi, na mmoja akamshika mkono.

"Mwacheni," alisema Yasinta, bado amewapa mgongo.

Wakamwacha. Ya tatu, ya nne. Kwenye ya tano Bi Paulina aliingiza kichwa chote ndani apate kufika chini, na humo ndani kilio kikamshinda, na mtungi ukaitikia, kwa sauti ile nzito, kila alipoita: somo, somo wangu. Hapo ndipo Yasinta naye akaanguka kifudifudi akalia.

Alipotoa kichwa uso wake ulikuwa umelowa. Alipitisha vidole vilivyokunjika kwenye ukuta wa ndani, pole pole, kuzunguka mdomo wote, akavitazama. Havikuwa na kitu.

"Sasa umetakata," alisema. Akaichukua nyundo mkononi mwa kijana akamkabidhi Skola. "Vunja."

Skola akavunja. Ulihitaji mapigo matatu. Bibi yao alifinyanga kitu imara. Vipande vilipotulia, uani pakawa kimya, na sikio jipya juu ya mlango likasikiliza kama lilivyofundishwa, halikunasa kitu, na likaendelea kuwaka kijani.